Maji ya mwani kwenye miparachichi: ninavyofanya hapa Rungwe

Kila msimu kuna jirani atakayenisimamisha njiani aniulize kama ile busta ya mwani, yaani maji ya mwani ya chupa tunayopulizia miti, inafanya kazi kweli au tunauziwa maji ya rangi. Huwa namjibu kwamba inafanya kazi, ila si mbolea. Akiitumia kama mbolea, ataona kweli amenunua maji ya rangi.

Hatua ya 1: Soma chupa yako

Chupa nyingi za madukani hutokana na Ascophyllum nodosum, mwani wa kahawia unaovunwa kwenye pwani za baridi kama Kanada, Ireland na Norway. Nyingine ni Ecklonia maxima wa Afrika Kusini. Naitrojeni na fosforasi humo ni kiduchu, potasiamu ipo kiasi. Kinachotafutwa ni vichocheo vya ukuaji vinavyoamsha mizizi na kuusaidia mti kustahimili baridi na ukame, na hivyo hufanya kazi kwa kipimo kidogo sana. Mti wenye njaa hauponi kwa kichocheo, kwa hiyo samadi na matandazo viwe vimetangulia.

Lebo ikionyesha naitrojeni nyingi, ujue kuna mbolea ya kiwandani imeongezwa. Kama unauza parachichi za kilimo hai, mwonyeshe mkaguzi wako lebo hiyo kabla hujatoa hela.

Hatua ya 2: Acha miti mingine bila dawa

Chagua miti kumi ya umri mmoja, mstari mmoja. Mitano utaipulizia, mitano utaiacha, na uifunge utepe usije ukasahau. Watu hawapendi hatua hii, lakini mvua ikinyesha vizuri shamba zima litapendeza, nawe utaisifia chupa bure.

Hatua ya 3: Pata wakati wake

Mimi napulizia mara tatu: vichipukizi vya maua vinapovimba kabla ya kufunguka, matunda yakiwa sawa na njegere, kisha tena baada ya wiki tatu au nne. Maua yakiwa wazi na nyuki wako kazini, naweka bomba chini. Ua la parachichi hufunguka mara mbili: kwanza likiwa jike, halafu linafunga na kufunguka tena likiwa dume. Bila wadudu wa kuhamisha chavua, utabaki na maua yanayopukutika.

Hatua ya 4: Changanya kwa akili

Fuata kipimo cha lebo. Nyingi husema kati ya mililita 2 na 5 kwa lita moja ya maji. Anza na cha chini. Kwa bomba la mgongoni la lita 16, mililita 2 kwa lita ni mililita 32. Pima kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa, maana vizibo vya chupa havilingani. Na usidhani kuzidisha ndiyo kuharakisha: vichocheo hivi vikizidi vinaweza kuudumaza mti badala ya kuukuza.

Usichanganye na mbolea ya kalsiamu. Mwani wa kahawia una alginati (ute wake wa asili), na alginati ikikutana na kalsiamu huganda. Mara ya kwanza nilichanganya hivyo, nikakuta bombani mlenda mtupu, nozeli zimeziba, na nikapoteza asubuhi nzima nikizisafisha kwa mswaki. Dawa za shaba, zile za kuzuia kuvu, nazo nazipulizia siku nyingine, kwa sababu maji ya mwani mengi yana asili ya magadi na hayapatani nazo.

Kwa kitu kingine chochote, jaribu kwanza kwenye chupa ya plastiki: changanya kwa uwiano uleule, tikisa, acha nusu saa. Ukiona mabonge au mashapo, mwaga.

Hatua ya 5: Pulizia

Vitabu husema alfajiri. Huku kwetu ukungu huweka majani majimaji hadi saa 4, ukipulizia mapema dawa yote inadondoka chini. Nasubiri majani yakauke, au naenda saa 10 jioni kama mawingu hayatishii mvua. Lowesha majani juu na chini, ukiacha kabla hayajaanza kuchuruzika. Miche iliyopandikizwa karibuni naimwagia lita moja ya mchanganyiko huohuo kwenye shina, udongo ukiwa tayari na unyevu.

Na mwani mkavu wa Zanzibar je?

Hapa ndipo nilipoungua. Zanzibar wanalima mwani kibiashara tangu mwaka 1989, wengi wao akina mama, na ndugu yangu alinirudia na gunia la mwani mkavu. Nikaona ya nini kununua chupa? Nikauloweka kwenye pipa wiki nne, nikachuja, nikaimwagia miche sita mwishoni mwa kiangazi. Haukupita muda mrefu, ncha za majani ya chini zikawa kahawia kama zimepigwa pasi.

Ilikuwa chumvi. Mwani mkavu hutoka baharini nayo, na parachichi ni katika matunda yasiyovumilia kabisa kloridi iliyomo kwenye chumvi. Kiangazi hakuna mvua ya kuisukuma chini, inabaki palepale mizizi inapokunywa maji. Miche minne ilirudi mvua zilipoanza, miwili niliing'oa.

Siku hizi gunia kama hilo naliosha mara tatu kwa maji ya mfereji, naonja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi, na kama bado yana chumvi naosha tena. Kisha naukatakata na kuutandaza kwenye lundo la mboji, pamoja na maganda ya kahawa na samadi ya ng'ombe, tabaka jembamba tu. Mboji ikiiva naipeleka kwenye migomba mwanzo wa mvua, kwa kuwa mgomba hula potasiamu nyingi. Kwenye miparachichi naipeleka kidogo, kwa mti mkubwa tu, mbali na shina.

Hatua ya 6: Hesabu

Kwenye kila mti uliopuliziwa na kila mti ulioachwa, funga kamba matawi mawili. Hesabu matunda yakifika ukubwa wa njegere, hesabu tena baada ya miezi miwili, andika kwenye daftari la shamba pamoja na tarehe ya kupulizia na kipimo. Parachichi huangusha vitunda vingi peke yake, hivyo usishtuke namba ikishuka pande zote mbili. Linganisha kiasi kilichobaki kati ya ile mitano na mitano mingine, kisha piga hesabu ya bei ya chupa.