SOMO: Kumchagulia mwenza chura mdogo wa majini (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila wiki naulizwa inboksi: "Dada, chura naweza kumweka na samaki gani?" Nikijibu leo, kesho anakuja mwingine na swali lilelile. Basi naandika mara moja hapa, na atakayeniuliza tena nitamrudisha kwenye somo hili.

Chura ninayemzungumzia ni yule mdogo wa misitu ya bonde la Kongo, jina lake la kisayansi Hymenochirus. Huku Minnesota, Marekani, ninakoishi anauzwa karibu kila duka la samaki wa mapambo. Akikomaa ana sentimita 3 hadi 4 tu, na maisha yake yote yako majini.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yeye. Mtoto wa chura wa kucha (Xenopus laevis, wa kusini mwa Afrika) anafanana naye sana, na maduka huwachanganya. Tazama mikono. Chura mdogo ana utando kati ya vidole vya mikono na vya miguu. Wa kucha, vidole vyake vya mikono viko wazi. Tazama na macho: ya chura mdogo yako pembeni mwa kichwa, ya mwenzake yako juu, kama anayetazama dari. Ukiona mweupe mwenye macho mekundu, karibu hakika ni wa kucha. Huyo jike lake hupita sentimita 10, na chochote kinachoenea kinywani anakisukumiza ndani kwa mikono. Asiwekwe na samaki. Mwenza wake ni chura wa kucha mwenzake, wa umbo lilelile.

Hatua ya 2: Tangi la lita 40 kwa vyura wawili au watatu, joto nyuzi 24 hadi 26, mfuniko usio na mwanya. Anavuta hewa kwa mapafu, hivyo kina cha sentimita 30 kinamtosha, na filta iwe ya mkondo mpole.

Hatua ya 3: Wasiofaa. Samaki wa dhahabu, sikilidi (jamii ya sato) wa aina zote, barbu wa milia, kaa, kamba wenye koleo, kobe wa majini. Mwenye mdomo wa kummeza chura, mwenye koleo la kumkata, au mwenye tabia ya kudonoa, hafai.

Hatua ya 4: Wanaofaa. Kwanza kabisa chura mwenzake, kwa sababu hawa hawapendi upweke. Kisha tetra wadogo kama neoni, gapi, koridora (jamii ya kambare) wa umbo dogo, konokono. Uduvi wakubwa sawa, ila watoto wao wataliwa, na vichanga vya gapi vilevile.

Hatua ya 5: Mgeni yeyote akae tangi la peke yake mwezi mzima kabla ya kuchanganywa. Na samaki akiumwa, usimtie dawa yenye shaba ndani ya tangi la chura. Ngozi yake hupitisha kilichomo majini, kwa hiyo dawa inayomponya samaki inaweza kumuua yeye.

Hatua ya 6: Chakula. Hapa ndipo nilipokosea, na vyura wangu wawili wa kwanza wakafa.

Nilikuwa nao hao wawili, gapi wanane na koridora wanne. Orodha yote ilikuwa sahihi, hata leo ningeipitisha. Hakuna aliyemuuma mwenzake. Kila jioni nilitia vibuu vyekundu vya kugandishwa, dakika mbili tangi jeupe, nami nikafurahi kwamba wote wameshiba. Vyura walikaa chini kwenye kona. Nikadhani ni utulivu wao. Baada ya wiki tano hivi nikaona mifupa ya nyonga ya mmoja imechomoza kama ncha za mwavuli. Alikufa kesho yake. Wa pili nilijaribu kumlisha kwa mkono, akatema, akamfuata mwenzake baada ya siku nne. Walikufa kwa njaa ndani ya tangi ambalo kila jioni lilitiwa chakula, mbele ya macho yangu.

Sababu yake ni hii. Chura huyu haoni vizuri. Anakitafuta chakula kwa harufu na kwa mtikisiko wa maji, na inaweza kumchukua dakika kadhaa kugundua kibuu kilicho karibu na pua yake. Gapi anahitaji sekunde. Kwa hiyo unapochagua mwenza usiulize tu "atamuuma?" Uliza pia "nani atawahi chakula?"

Ninavyofanya sasa: nalisha samaki kwanza, upande wa pili wa tangi. Nazima pampu. Chini nimeweka kisahani cha udongo, siku zote mahali pamoja, vyura hupazoea. Nayeyusha vibuu, navivuta kwa sirinji ndefu isiyo na sindano, navitua taratibu kisahanini, nakaa. Kisha NAHESABU kila chura amemeza vingapi. Kwa wakubwa, siku moja ndiyo, siku moja hapana.

ONYO: usijaribu kufidia kwa kumwaga chakula kingi. Kitakachobaki kitaoza, amonia itapanda, utawapoteza wote.
ONYO: koridora naye hutafuta chakula chini, na usiku hachoki. Ukiwa naye, usiondoke kisahanini hadi vyura wamalize.
ONYO: chura aliyetulia muda wote si lazima awe na raha. Mtazame nyonga na mapaja kila wiki.

MASWALI

Mzalendo77: Naweza kumweka na samaki wa dhahabu?
— Hapana. Hatua ya 3.

Mzalendo77: Lakini tangi langu ni la lita 200.
— Mdomo wa samaki haupungui kwa ukubwa wa tangi. Halafu yeye anataka maji ya baridi, chura anataka ya uvuguvugu. Hapana.

Abuu_Sumayya: Mimi nina beta (samaki mgomvi wa mapezi marefu) na vyura wawili mwaka wa pili huu, hakuna tatizo lolote. Mnawatisha watu bure.
— Sijamweka beta kwenye wasiofaa, kaka, rudia kusoma. Sijamweka kwenye wanaofaa pia, kwa sababu beta hutofautiana tabia mmoja na mwingine. Wako mpole, shukuru Mungu. Wa jirani yako anaweza kumchana chura siku ya kwanza, au chura akadhani mapezi yake ni chakula. Anayejaribu awe na tangi la pili tayari. Na wewe nikuulize: chura wako wa mwisho kula alimeza vibuu vingapi?

Abuu_Sumayya: Sijahesabu.
— Hesabu.

Kamau_wa_Ruiru: Mwalimu, kwenye bwawa la shamba letu kuna chura bapa, haruki nchi kavu, na miguu ya nyuma ana kucha nyeusi. Vidole vya mikono viko wazi. Ni ndugu wa laevis?
— Umenifurahisha kwa kutazama vidole kabla ya kuuliza. Ndiyo, ni ukoo huo. Nyanda za juu za Kenya kuna Xenopus borealis, na pwani yetu, Tanzania na Kenya, kuna Xenopus muelleri. Mwache bwawani. Anaweza kubeba kuvu ya ngozi ambayo yeye haimsumbui lakini inaua vyura wa aina nyingine, na ukimleta tangini samaki wako watakuwa chakula chake. Kaa ukingoni jioni umwangalie akipanda kuvuta hewa, utajifunza mengi.

Kamau_wa_Ruiru: Na huyo laevis wa kusini alifikaje mpaka Marekani?
— Swali zuri. Miaka ya 1930 Lancelot Hogben, mwanasayansi Mwingereza aliyekuwa amefundisha Cape Town, aliona kwamba jike la laevis akidungwa homoni fulani hutaga mayai. Kutokana na hapo kikapatikana kipimo cha mimba: mkojo wa mwanamke anadungwa chura, akitaga kabla ya kesho yake, mama ni mjamzito. Hospitali nyingi duniani zilitumia kipimo hicho hadi miaka ya 1960, na vyura wakasafirishwa kwa wingi. Baadaye maabara na wafugaji nao wakaendelea kuwanunua. Waliotoroka au kuachiwa wamezaliana porini California, Chile na Ufaransa. Ndiyo maana ukichoka kufuga, mpe mfugaji mwingine. Usimwachie mtoni.

Mama_Nuru: Watoto wangu wanapenda kuingiza mikono tangini. Kuna ubaya?
— Upo. Kati ya 2009 na 2011 huku Marekani watu wengi, wengi wao watoto, waliugua salmonela (bakteria wa kuharisha) iliyotoka kwa vyura hawahawa wadogo. Wanawe kwa sabuni kila mara, na maji ya tangi usiyamwage kwenye sinki la vyombo.

Mama_Nuru: Asante dada. Mmoja anatoa mlio usiku kama nyuki ndani ya chupa. Anaumwa?
— Haumwi, ni dume anaita jike. Tazama nyuma ya makwapa, utaona kinundu cheupe. Jike hana.

Shomari_Tanga: Kwa chakula, sisi huku tunaweka ndoo ya maji nje, baada ya siku chache viluwiluwi vya mbu tele. Bure kabisa.
— Chakula kizuri, wanavipenda kuliko vibuu vya dukani. Lakini viluwiluwi vikishaonekana ndoo ifunikwe wavu unaobana, na uvue kila siku bila kuacha kimoja. Ukisafiri, mwaga ndoo kwenye mchanga mkavu. Usije ukawafugia majirani mbu wa magonjwa.

Shomari_Tanga: Sawa, nitafunika kuanzia leo.

Abuu_Sumayya: Nimehesabu jana na leo. Mmoja vibuu tisa, mwingine viwili. Beta anakuja kisahanini kabla yake.
— Asante kwa kurudi kusema, kaka. Leo usiku mtenge beta kwenye kikapu cha wavu humohumo tangini wakati wa kulisha, na huyo wa viwili mpe kila siku hadi mapaja yajae. Keshokutwa niandikie amemeza vingapi.