Kuchagua Uwiano wa Gia za Difu kwa Gari la Kasi la Barabarani

Namba kama 3.73 au 4.10 inayotajwa kwenye difu, yaani sanduku la gia linalopeleka nguvu kwenye magurudumu, ni hesabu ya meno tu. Meno 41 ya krauni (gia kubwa ndani ya difu) yakigawanywa kwa meno 11 ya pinyoni (gia ndogo inayoizungusha) hutoa 3.73, na yakigawanywa kwa 10 hutoa 4.10, maana yake propela shafti (mhimili unaotoka giaboksi kwenda difu) huzunguka mara 4.10 ili gurudumu lizunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa gari huchomoka kwa nguvu zaidi, lakini injini nayo hulazimika kuzunguka zaidi katika kila mwendo. Wengi huanza na hamu ya kuchomoka. Mimi naona ni heri kuanza na safari ndefu, kwa kuwa hapo ndipo uwiano usiofaa humchosha dereva kwa kelele, joto na mafuta mengi.

Kabla ya hesabu yoyote, pima tairi. Kipimo kilichoandikwa ubavuni hakitoshi, kwa sababu tairi lililobeba uzito hubonyea kidogo. Weka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mpaka tairi limalize mzunguko mmoja, kisha pima umbali uliosogea. Tuseme umepata mita 2.04. Katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari hupita takriban mita 1,667 kwa dakika, hivyo gurudumu huzunguka mara 817 hivi. Zidisha kwa uwiano wa difu, kisha kwa uwiano wa gia ya juu. Gia ya juu ikiwa 1.00, difu ya 3.73 itaidai injini mizunguko 3,050 hivi kwa dakika, na ya 4.10 itadai 3,350. Giaboksi yenye ovadraivu (gia ya juu yenye uwiano chini ya 1.00) ya 0.70 hugeuza mambo: difu ileile ya 4.10 hushuka hadi mizunguko 2,350 hivi, chini hata ya difu ya 3.08 kwenye giaboksi isiyo na ovadraivu, ambayo hudai takriban 2,500. Kwa hiyo usichukue namba ya gari la mwenzako kabla ya kujua giaboksi yake na tairi zake.

Mizunguko uliyopata iangukie mahali ambapo injini yako ina torki (nguvu ya kuzungusha) ya kutosha. Injini yenye kemshafti (mhimili unaofungua vali) kali, ambayo haiamki mpaka mizunguko ipande, huhitaji namba kubwa. Yenye torki nyingi tangu chini hupoteza tu mafuta ikipewa namba hiyo.

Baada ya hapo zidisha gia ya kwanza kwa difu. Kwa gari la barabarani napenda jibu liwe kati ya 10 na 12. Gia ya kwanza ya 2.66 na difu ya 4.10 hutoa 10.9, lakini gia ya 3.35 na difu hiyohiyo hutoa 13.7, na hapo matairi huteleza na gia ya kwanza huisha kabla gari halijaondoka vizuri.

Ukikusudia kuongeza ukubwa wa tairi, fanya hivyo kwanza. Tairi kubwa kwa asilimia 5 huifanya difu ya 3.73 itende kama ya 3.55.

Krauni na pinyoni hununuliwa kama jozi moja iliyosagwa pamoja, wala usichanganye za jozi mbili. Pinyoni ya namba kubwa huwa na meno machache na mara nyingi ni nyembamba zaidi, jambo la kuzingatia ikiwa injini ina nguvu nyingi. Fundi apime kina cha pinyoni, mkazo wa bering na nafasi kati ya meno, kisha akague mguso wa meno kwa rangi. Difu inayolia kwa kawaida imekosewa hapa. Spidomita inayopokea mzunguko kutoka giaboksi nayo irekebishwe, kwani ukitoka 3.08 kwenda 3.73 itasoma 121 wakati unakwenda 100. Safari za mwanzo ziwe fupi na za upole, difu ipoe kati ya moja na nyingine, na oili ya kwanza imwagwe mapema ili itoke na chembe za chuma.