Anza na shuka: kumsoma mgonjwa mahututi ambaye damu yake imegoma kuganda

Zamu ya usiku kwetu inaanza saa 1:30. Ukitokea Mbagala kwenye foleni unafika umelowa jasho, ukiingia ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kiyoyozi kinakupiga mpaka unatafuta sweta. Ikumbuke hiyo baridi, nitairudia.

Wauguzi wapya ninaowapokea hukimbilia mashine: presha ngapi, oksijeni ngapi. Mimi nawaambia, mdogo wangu, anza na shuka. Damu iliyogoma kuganda huonekana mapema, ila sehemu ndogondogo. Tundu la sindano linachuruzika saa nzima. Pamba ya kusafishia kinywa inatoka na wekundu wa fizi. Mkojo kwenye mfuko umegeuka rangi, choo kimekuwa cheusi kama lami. Mgeuze, maana damu hupenda kujificha mgongoni. Halafu tazama ngozi ya kifua na miguu. Ukiona vidoa vyekundu kama ameumwa na mbu, bonyeza kwa kidole: alama ya mbu inafifia, ya damu iliyovuja chini ya ngozi inabaki vilevile. Ukikuta doa kwenye bandeji, lizungushie kalamu ukingoni na uandike saa. Baadaye hutabishana na mtu kama limekua.

Sababu ninayokutana nayo sana ni maambukizi makali yaliyosambaa mwilini. Damu inaanza kuganda ovyo ndani ya mishipa midogo, inamaliza chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba tundu, na protini zake za kugandisha. Ni fundi aliyemwaga saruji yote uani. Ufa ukitokea ukutani hana cha kuzibia. Ndiyo maana mgonjwa mmoja anaweza kuwa na bonge la damu mguuni na huku anavuja puani. Ini likichoka, protini hizo hazitengenezwi vya kutosha. Figo zikifeli, chembe sahani zipo lakini hazinati. Na aliyelala siku nyingi bila kula, huku antibiotiki zinaingia, huishiwa vitamini K.

Kisha kuna dawa za nyumbani, na hapa unahitaji adabu kuliko elimu. Nenda nje kwenye benchi. "Shikamoo mama. Mzee alikuwa anameza vidonge gani?" Atakwambia hakuna, kwa sababu ile aspirini ndogo ya kila asubuhi kwake si dawa, ni mazoea. Mwombe alete mfuko wote wa vidonge, na dawa za miti shamba pia. Aspirini aliyomeza juzi bado inafanya kazi leo, maana chembe sahani iliyoguswa nayo haiponi mpaka ife, na huishi siku 7 hadi 10.

Sasa sampuli. Miaka ya nyuma, hospitali nyingine, nilivuta damu kwenye mpira wa mshipa mkubwa uliokuwa umesafishwa kwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Majibu yalirudi ya kutisha, daktari akaagiza plazma, yaani maji ya damu yenye protini za kugandisha, mgonjwa akapewa chupa mbili ambazo hakuzihitaji. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu hapo nachoma mshipa wa pembeni, mkono usio na dripu. Tyubu yenye kifuniko cha bluu naijaza mpaka kwenye mstari, sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa iliyomo. Ikipungua, kipimo kitadanganya kwamba damu inachelewa kuganda.

Maabara ikichelewa, tumia chupa ya kioo. Chukua tyubu ya kioo iliyo safi na kavu, weka mililita 2 za damu ya mshipa, iache wima dakika 20 bila kuitikisa, kisha iinamishe mara moja. Ikimwagika kama maji, mwite daktari sasa hivi. Usitumie plastiki, wala kioo kilichooshwa kwa sabuni, kwani vyote viwili vinaweza kuzuia damu isigande hata kwa mtu mzima wa afya.

Majibu yakija, chembe sahani za kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa kila maikrolita. Chini ya 50,000 mtu asithubutu kumchoma mgongo kabla ya kuongea na daktari. Chini ya 10,000 anaweza kuvuja bila kuguswa.

Tukirudi kwenye baridi: mwili ukishuka chini ya nyuzi 35, damu haigandi vizuri hata ukiongeza plazma. Mfunike. Khanga za ndugu zinaruhusiwa kwangu, mradi ni safi. Usimchome sindano ya msuli. Kila tundu ulibonyeze kwa dakika 5 hadi 10 kwa saa ya ukutani, siyo kwa kukisia. Kinywa kisafishwe kwa pamba laini, wembe ukae mbali. Mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko mwenzake, huenda damu inavuja kichwani: usimalize hata sentensi uliyokuwa unaandika, piga simu. Mama aliyetoka kujifungua na anavuja, mkumbushe daktari traneksamiki asidi, dawa ya kupunguza uvujaji, gramu 1, ndani ya saa 3 tangu azae.

Chembe sahani zikiletwa kutoka benki ya damu, usizitie friji kwa kudhani unazitunza. Hukaa kwenye nyuzi 20 hadi 24 zikitikiswa, kwa hiyo zitundike mara zinapofika. Ndugu walioko getini waambie mapema wakachangie damu kwenye kituo cha Damu Salama, kabla chupa haijahitajika. Mwanaume anaweza kuchangia kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4.

Heparini usiisimamishe wala kuiendeleza kwa uamuzi wako. Ila chembe sahani zikishuka nusu kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu aanze kuchomwa, sema kwa sauti, kwa sababu hapo hatari kubwa ni damu kuganda, si kuvuja.

Asubuhi, anayepokea zamu usimpe ripoti kwenye meza. Mpeleke kitandani, fungua shuka, muoneshe mstari wa kalamu wa saa 3 usiku na wa saa 11 alfajiri.