Gari kuukuu likianza kulia: usifungue kitu kabla hujajua linalia wakati gani

Kikumi yangu ilianza kuunguruma tukitoka Pakwach kurudi Arua, huku kaskazini magharibi mwa Uganda, buti limejaa samaki wakavu wa angara, madirisha yote wazi kwa sababu ya harufu. Bila yale madirisha huenda nisingesikia kitu. Nguuuuu, kama ndege inayopita mbali na haiishi kupita. (Kwa wasiotoka huku kwetu: Kikumi ni Toyota Corolla AE100. Kikumi ni mia kwa Kiganda. Yangu ni ya mwaka 1994, gia za mkono.)

Fundi wa kwanza aliwasha injini gari likiwa limesimama uani, akainamia boneti, akatikisa kichwa. Alibadilisha maunting mbili, ile mipira inayoshikilia injini, akamwaga oili ya giaboksi akatia mpya. Nikalipa. Mngurumo ulinisubiri palepale nje ya geti. Niliporudi akasema basi giaboksi yenyewe imekufa, nitafute laki saba. Gari likisimama halilii, naye alilisikiliza likiwa limesimama! Lakini mimi pia sikumwambia lolote zaidi ya "gari linalia."

Jirani yangu, mzee aliyeendesha malori ya Juba miaka mingi, ndiye aliyenihoji. Linalia likiwa limesimama? Ukikanyaga klachi je? Ukikata kona kushoto, ukikata kulia? Sikuwa na jibu hata moja. Akaniambia, "Mama, nenda kapate majibu hayo kwanza, laki saba zako zikae."

Ndivyo nifanyavyo hadi leo. Kwanza toa kila kitu kinachoweza kugonga: jeki, spana, tairi la akiba ambalo halikukazwa, kreti la soda chini ya siti. Usicheke. Kuna dada hapa mjini aliyetaka kubadilishiwa shokapu, kumbe ni jeki iliyokuwa inacheza kwenye buti.

Gari likiwa limesimama, washa injini, kanyaga mafuta kidogo kidogo. Mlio ukitokea na ukapanda pamoja na injini, tafuta chini ya boneti: mikanda, pampu ya maji, oltaneta inayochaji betri, ekzosi. Usipotokea, nenda barabarani. Tafuta lami iliyonyooka, saa ambayo boda ni chache na nyuma yako hakuna mtu. Fika kasi ya 60, kanyaga klachi, acha injini ishuke. Usizime ufunguo, maana breki na usukani vitakuwa vizito. Kama mlio unaendelea vilevile na unapungua tu kadiri gari linavyopungua mwendo, si injini. Unatoka kwenye kitu kinachozunguka na magurudumu. Mngurumo wangu haukubadilika hata kidogo nilipokanyaga klachi.

Sasa ile ya kona. Katika mwendo uleule, peleka usukani kushoto polepole kisha kulia, kama anayekwepa mashimo, na mashimo tunayo ya kutosha kufanyia mazoezi. Ukielekea kushoto, uzito wa gari unalalia magurudumu ya kulia. Kwangu mngurumo ulipanda nikienda kushoto, ukanyamaza karibu kabisa nikienda kulia. Mzee akasema beringi, ile ya gololi inayolizungusha gurudumu laini, upande wa kulia. Kabla ya kumwamini nilichunguza matairi, kwa sababu tairi lililolika mawimbimawimbi huunguruma hivyohivyo. Tofauti ni kwamba mlio wa tairi hubadilika ukitoka lami mpya kuingia lami mbovu. Ukitaka hakika zaidi, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma: mlio ukihama nao, nunua matairi, beringi iache.

Kisha jeki. Weka mawe nyuma ya magurudumu ya upande wa pili, vuta hendibreki, tia frii, inua gurudumu la mbele. Usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Shika springi ya shokapu kwa mkono mmoja, kwa mwingine zungusha tairi. Masikio hayasikii kitu, mkono ndio unaosikia. Upande wa kushoto springi ilitulia. Upande wa kulia nilihisi chembechembe zikipita kwenye vidole, kama ukiweka mkono juu ya jiwe la kusagia wakati mtu anasaga mtama. Hapo nilijua.

Tahadhari moja kwa wenye Kikumi: beringi ya mbele inashindiliwa kwa presi, mashine ya kukandamiza. Fundi akianza kuipigilia kwa nyundo, ile mpya itaanza kulia kabla hujamaliza deni lake. Mwenye presi atakutoza zaidi, mlipe.

Milio mingine inajulikana haraka zaidi. Ka-ka-ka ukikata kona kali huku unakanyaga mafuta ni jointi ya nje ya drevu shafti, kile chuma kinachozungusha gurudumu, na mara nyingi ukichungulia utakuta mpira wake umepasuka na grisi imerukia rimu. Go-go kwenye matuta mwendo wa polepole ni vitu vya chini vinavyoshikilia gurudumu: linki ya stabilaiza, bushi (mipira ya maungio) au boljointi. Za kwanza mbili zinaweza kungoja siku chache. Boljointi haingoji, ikichomoka gurudumu linalala. Kelele ya bati ukianza kuondoka: gari likiwa limepoa kabisa, gonga ekzosi kwa ngumi kutoka mbele hadi nyuma. Kile kibati cha kukinga joto kikiwa kimelegea kitajibu, na klempu ya hosi inamaliza shida hiyo.

Jiwe nalo lina kisa chake. Ukitoka barabara ya changarawe na ghafla gurudumu moja linapiga ukelele wa chuma juu ya chuma, unaosimamisha nywele, usidhani breki zimeisha papo hapo. Kokoto imeingia kati ya diski na bati la vumbi. Rudi nyuma mita chache, nenda mbele, rudi tena. Kwangu imewahi kudondoka mara mbili hivyo. Isipodondoka, toa tairi, sogeza lile bati kidogo kwa bisibisi. Lakini kama ukwaruzaji unakuja kila ukikanyaga breki, pedi zimekwisha kweli.

Kwiii ya asubuhi, hasa baada ya mvua, ni mkanda. Nyunyizia maji kidogo upande wa ndani wenye mistari, injini ikiwa inawaka. Mtandio uvue kwanza, nasema kwa sababu mimi wangu ulibakiza kidole kimoja kufika kwenye feni. Kelele ikizidi, mkanda umelegea. Ikinyamaza kisha ikarudi baada ya muda mfupi, puli, yale magurudumu madogo yanayobeba mkanda, hazikai kwenye mstari mmoja. Kama unashuku beringi ya oltaneta au pampu ya maji, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wake, mpini kwenye mfupa mbele ya sikio. Iliyoharibika inakwaruza, nzima inavuma tu.

Tik-tik-tik juu ya injini, pima oili kabla ya kumwita mtu yeyote. Ikiwa inasikika asubuhi tu na kutoweka injini ikipata moto, huenda gasketi ya manifodi ya ekzosi inavuja: chuma kikipanuka, tundu linajiziba. Lakini mlio mzito wa kugonga kutoka chini, du-du-du unaozidi ukikanyaga mafuta, zima injini hapohapo na utafute wa kukuvuta. Hizo ni beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, na kila kilomita unayoongeza inakula krenki, ule mhimili mkuu wa injini.

Ukienda gereji, mpandishe fundi kwenye gari, mtoke naye barabarani kabla hajashika spana. Akikataa, nenda kwa mwingine. Na kazi ikiisha omba kile kitu cha zamani. Beringi yangu niliizungusha kwa vidole mbele yake, ikakwaruza vilevile kama ilivyokwaruza kwenye springi. Ingezunguka laini, ningemwambia apandishe tena jeki.