Jinsi ya Kupima Ubora wa Komiki Inayokutanisha Timu Mbili za Mashujaa

Komiki inayokutanisha timu mbili za mashujaa kwa kawaida huuzwa kwa swali moja: nani atampiga nani? Msomaji ana haki ya kuliuliza, lakini asilifanye kipimo, kwa sababu mshindi mara nyingi huamuliwa na mambo yaliyo nje kabisa ya hadithi. Mwaka 1996, Marvel na DC, kampuni mbili kubwa za komiki za Marekani, zilipotoa kwa pamoja mfululizo wa matoleo manne, matokeo ya mapambano matano makuu yaliachiwa kura za wasomaji. Wolverine wa Marvel, mwenye makucha ya chuma, akamshinda Lobo wa DC, ambaye kwa nguvu alizopewa katika hadithi zake mwenyewe si rahisi kushindwa na mtu wa makucha, na pambano lenyewe likamalizikia nyuma ya kaunta ya baa, mahali ambapo msomaji haoni kitu. Mchoraji hakuwa na namna ya kuuonyesha ushindi ambao hadithi haikuuandaa. Ukikuta pambano kubwa limefichwa hivyo, jua kwamba mwandishi alipewa jibu kabla ya kupewa sababu.

Anza basi na sababu ya timu hizo kukutana na, zaidi ya hapo, sababu ya kugombana. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba mashujaa wanakutana, wanaelewana vibaya, wanapigana, kisha wanaungana dhidi ya adui mmoja. Utaratibu huo wenyewe si kasoro. Kasoro ni ugomvi ambao ungekwisha kama mmoja wao angetamka sentensi mbili tu. Chukua mfano wa JLA/Avengers ya mwaka 2003 na 2004, inayokutanisha JLA, timu ya DC yenye Superman na Batman, na Avengers, timu ya Marvel yenye Captain America na Thor, iliyoandikwa na Kurt Busiek na kuchorwa na George Pérez. Superman anapoingia katika dunia ya Avengers anaiona imejaa mateso, na anawashutumu wenyeji kwamba hawajafanya vya kutosha. Captain America naye, akiiona dunia ambamo mashujaa wanajengewa majumba ya kumbukumbu na kushangiliwa, anashuku kwamba hao ni watawala waliojifanya miungu. Shutuma zote mbili zina chembe ya ukweli, na kila moja inatoka katika tabia ya anayeitamka. Huo ndio ugomvi wenye thamani, kwa kuwa timu moja peke yake isingeweza kuuzaa.

Baada ya hapo pima sauti. Fungua ukurasa wowote wenye wahusika watano au sita, ziba nyuso kwa mkono, usome viputo vya maneno peke yake. Kama huwezi kumtofautisha msemaji mmoja na mwingine, mwandishi amewaazima mavazi tu na kuwaacha watu wenyewe nyumbani. Angalia pia namna kila mmoja anavyopigana, maana hata ngumi ina tabia. Katika komiki hiyo hiyo, Superman anaidaka nyundo ya Thor kwa mkono na kumwangusha, na wapenzi wa pande zote mbili hawajaacha kubishana hadi leo. Mimi naona tukio lililo bora zaidi ni dogo kuliko hilo: Batman na Captain America wanapimana kwa mapigo machache, kisha Batman anakiri kwamba huenda mwenzake angemshinda, ila ingechukua muda mrefu sana, wanaacha kupigana na kwenda kuchunguza kinachoendelea. Kurasa chache hizo zinawaeleza watu wawili vizuri kuliko ambavyo mapambano ya toleo zima yangeweza.

Wahusika wanapokuwa wengi, fuatilia wale wadogo. Si lazima kila mmoja apewe hotuba, lakini aliyeletwa awe na kazi ambayo mwingine asingeifanya. Hapa Busiek anastahili sifa, kwani katika pambano la mwisho dhidi ya Krona, adui mkuu wa hadithi hiyo, Hawkeye wa Avengers, mtu mwenye upinde tu katikati ya viumbe wanaohamisha sayari, anapewa nafasi yenye uzito. Hata hivyo toleo la pili, ambamo timu zinashindania vitu 12 vyenye nguvu, linakimbia kutoka pambano hadi pambano kama karani anayesoma orodha ya mahudhurio, na sioni haja ya kulitetea.

Katika michoro, usishangae wingi wa watu peke yake. Uliza kama jicho linajua pa kwenda. Pérez alisifika kwa kujaza fremu bila kuivuruga: kila mwili una mkao wake, na hata anayesimama nyuma kabisa anashughulika na jambo linaloeleweka. Wachoraji wengi hujaza umati kwa sura zinazofanana na kuuacha wino mzito ufiche yaliyobaki.

Kipimo kigumu zaidi ni athari. Kampuni mbili zikishirikiana, kila moja itataka wahusika wake warudi jinsi walivyokuwa, kwa hiyo usidai vifo wala mabadiliko ya kudumu. Tafuta uamuzi unaomgharimu mhusika ndani ya hadithi yenyewe. Toleo la tatu la JLA/Avengers linaonyesha jinsi jambo hilo linavyofanyika. Dunia mbili zimechanganyika, timu zimekuwa marafiki wa siku nyingi, kisha mashujaa wanaonyeshwa maisha yao halisi yalivyokwenda. Barry Allen, yaani Flash, anaona kifo chake, Hal Jordan, yaani Green Lantern, anaona jinsi atakavyogeuka kuwa adui wa wenzake, na wengine wanaona misiba waliyokwisha kuisahau. Wanajua kwamba kuzirudisha dunia hizo ni kurudisha majonzi hayo, na bado wanakubali kupigana ili zirudi. Msomaji mgeni asiyewajua watu hao atapoteza sehemu ya uzito wa tukio, na hilo ni pungufu la haki kuliandika katika hesabu, ingawa nyuso zilizochorwa zinamsaidia kuelewa kwamba mtu amekubali hasara.

Kuhusu kanuni za dunia, usiwe mkali kupita kiasi. Superman na Spider-Man walipokutanishwa mwaka 1976, hadithi ilichukulia tu kwamba wanaishi dunia moja, bila maelezo yoyote, na haikuharibika. Kinachotakiwa ni kwamba kanuni iliyochaguliwa mwanzoni isivunjwe mwishoni kwa ajili ya kumwokoa mtu.

Nia ya biashara nayo isikushughulishe sana. Secret Wars ya Marvel, matoleo 12 ya mwaka 1984 na 1985, ilianza kwa makubaliano na kampuni ya vitu vya kuchezea ya Mattel, na bado ina wapenzi wake. Biashara inadhuru pale tu hadithi kuu inapokosa kipande kilichofichwa katika matoleo ya pembeni, yaani komiki nyingine zinazouzwa sambamba na hadithi hiyo. Soma kwanza matoleo makuu peke yake. Kama kuna mhusika anayetoweka katika toleo moja na kurudi katika jingine akiwa na jeraha lisiloelezwa, pungufu hilo ni la hadithi kuu, hata kama toleo la pembeni linalolieleza limeandikwa vizuri.