Kumrudisha kijana mazoezini baada ya matibabu ya saratani ya damu (ALL, aina inayokua haraka kwenye chembe nyeupe)

Wengi huanza na kukimbia, eti kijana arudishe pumzi. Kumbe kinachomwangusha mara nyingi si pumzi, ni kifundo cha mguu. Vinkristini, moja ya dawa za matibabu hayo, huumiza neva za miguu hadi vidole vikawa vizito kuinuka. Steroidi, yaani prednisoloni na deksamethasoni, hula misuli ya mapaja na kudhoofisha mifupa. Anza na miguu.

Hatua ya 1: ruhusa ya daktari
Uliza majibu ya damu na eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), kwani dawa za saratani doksorubisini na daunorubisini zinaweza kudhoofisha moyo hata miaka mingi baada ya dozi ya mwisho. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zikiwa chini ya 50,000 kwa mikrolita ya damu, hakuna mpira wala mchezo wa kugongana. Homa ikifika nyuzi 38, mazoezi yanasimama na mnaenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: mpime nyumbani
Atembee hatua 10 kwa visigino, vidole vikiwa juu. Akishindwa, au ndala ikimchopoka mguuni bila yeye kujua, neva bado hazijapona. Kisha akae kwenye kiti kisicho na magurudumu, mikono ameikunja kifuani, asimame na kukaa kwa sekunde 30. Andika idadi na tarehe. Choo cha kuchuchumaa nacho ni kipimo: je, anainuka bila kushika ukuta?

Hatua ya 3: wiki 4 za mwanzo
Kutembea tambarare dakika 10, mara 2 kwa siku, amevaa raba zenye kamba. Kila wiki ongeza dakika 2 hadi 3 kwa kila mzunguko. Anatakiwa aweze kuongea ila asiweze kuimba.

Siku 3 kwa wiki, zisizofuatana: kukaa na kusimama mara 8, seti 2, kuinua vidole huku visigino vimebaki chini mara 10, seti 3, kusimama mguu mmoja kando ya ukuta sekunde 10. Kila siku anyooshe shavu la mguu sekunde 30, goti limenyooka na kisigino kimegandama chini. Kisigino kikiinuka, kano hainyooki, na hapo ndipo wengi wanapopoteza muda.

Hatua ya 4: kuongeza
Ongeza muda kwanza, kasi baadaye. Kukimbia kusubiri hadi hatua 10 za visigino ziwe rahisi. Lengo la mwisho ni lilelile la vijana wote: wastani wa dakika 60 kwa siku, na linaweza kuchukua miezi.

MASWALI

*Goti linamuuma ila halijavimba. Nipake dawa ya kuchua?*
Usichue, kwanza angalia nyonga. Steroidi zinaweza kukata damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na vijana waliovuka miaka 10 ndio huathirika zaidi. Maumivu husikika kwenye kinena, wakati mwingine gotini. Akichechemea au akiumwa usiku, asimamishe kuruka na kukimbia, aonwe na daktari. Eksirei ya mwanzo inaweza kuonekana safi, kwa hiyo ulizeni kuhusu MRI, picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya mfupa.

*Mwalimu anasema mchakamchaka ni lazima kwa wote.*
Mpelekee barua ya daktari inayotaja anachoruhusiwa, si makatazo tu. Atembee pembeni, awe hesabuni na wenzake. Kichurachura asiruke kabisa, hata kama ni adhabu ya darasa zima.

*Akirudi shule anachoka, anataka kulala hadi jioni.*
Alale dakika 30, kisha atembee 10. Kulala mchana kutwa huongeza uchovu. Akiamka kesho bado amechoka kwa mazoezi ya jana, punguza muda nusu, usifute.

*Tuko Mombasa. Baharini je?*
Kama mrija wa dawa umetokeza nje ya ngozi, hapana. Kama kifaa cha kuingizia dawa kiko chini ya ngozi, kidonda kimefunga na hakuna sindano ndani, muulize daktari wake, wengi huruhusu. Asiingie peku: mguu wenye ganzi hausikii mwiba wa urchini, yule mnyama wa baharini mwenye miiba.

*Vyuma vya jimu?*
Vyepesi, anavyoweza kuinua mara 12 hadi 15 huku anapumua. Kubana pumzi ukiinua kizito kunaulemea moyo uliopitia doksorubisini.