Kuanzia chungu cha 25 (siku ya 25 ya kufunga) mpaka Idi: visheti, bahasha za bamia na hina pamoja na watoto

Napika vitamutamu vya kuuza hapa Unguja. Kila Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, jikoni kwangu hujaa watoto: wangu, wa dada yangu, na wa jirani anayewaacha "dakika mbili tu" akaja kuwachukua baada ya tarawehe. Miaka ya mwanzo nilikuwa nawafukuza. Baadaye nikawa nawapa kazi za kuwazubaisha, kama kuchekecha unga uliokwisha kuchekechwa au kupanga vijiko vilivyokwisha kupangwa. Wakanigundua. Mtoto wa miaka mitano anajua kabisa kazi ya kweli na kazi ya kudanganyiwa, na ukimpa ya kudanganyiwa atakwenda kujitafutia ya kweli kwenye kopo la sukari.

Siku hizi kila mmoja hupewa kazi ambayo mgeni wa Idi ataiona kwa macho yake, na mimi nimejiapiza kutoirekebisha wakishalala. Hilo la pili ndilo gumu.

Hatua ya 1: Panga kana kwamba mwezi utaandama siku ya 29

Ramadhani ni siku 29 au 30, na hutajua mpaka usiku wenyewe. Anayepanga kwa 30 hukutwa na takbiri huku unga uko mkononi. Kwa hiyo mambo yote yawe yamekwisha chungu cha 28. Mwezi ukichelewa, umepata siku ya kupumzika, na kwa mwanamke aliyefunga mwezi mzima huku anapika, hiyo ni zawadi.

Mpango wangu uko hivi: chungu cha 25 bahasha, cha 26 visheti, cha 27 kupima fitri, na usiku wa kuamkia cha 28 hina.

Hatua ya 2: Bahasha za mkono wa Idi

Watoto watapita nyumba kwa nyumba kusalimia wakubwa na kupokea mkono wa Idi, na kwako pia watakuja. Sarafu ya mia mbili au mia tano ukiitoa mkononi inapendeza, lakini ikitoka kwenye bahasha iliyopigwa chapa na mtoto wa nyumba hiyo, inakuwa na hadithi yake.

Anza na gundi. Vijiko viwili vikubwa vya unga wa ngano, nusu glasi ya maji. Koroga ukiwa wa baridi mpaka mabonge yaishe, kisha weka motoni taratibu huku unakoroga mpaka uwe kama uji mzito. Ikishapoa, mtoto anaipaka kwa kidole, na akilamba hakuna hasara. Haikai zaidi ya siku mbili, itachacha.

Karatasi ni kalenda za mwaka uliopita, upande mweupe uwe nje. Kata mraba wa sentimita 15 kila upande. Uweke mbele yako kona moja ikikuelekea. Kunja kona ya kulia na ya kushoto ziende katikati na zipitane kidogo, upana wa kidole, ili gundi ipate pa kushika. Kisha kunja kona ya chini juu yake, gundisha pembeni. Kona ya juu iache, hiyo ndiyo mlango. Noti ya elfu moja ikikunjwa mara mbili inaingia bila shida.

Sasa chapa. Chukua bamia iliyokomaa, ile ngumu ambayo hata kwenye mchuzi ungeitupa. Ikate upande wa kikonyo, karibu vidole viwili kutoka juu, na utazame ndani: ua la pembe tano, wakati mwingine zaidi, tayari limeshachongwa. Toa mbegu. Halafu ifute kwa kitambaa na uiache ikauke nusu saa, kwa sababu ute wake utaifanya rangi iteleze na ua litoke kama doa la chai. Kwa mwezi mchanga, kata kiazi mbatata katikati uchonge hilali. Hiyo ni kazi ya mtu mzima mwenye kisu.

Rangi yangu ni ile ile ya kashata, nyekundu na kijani, iliyochanganywa na kijiko cha ile gundi ili isikimbie. Imwage kwenye kitambaa kilichokunjwa juu ya kisahani. Mtoto anagonga bamia kwenye kitambaa, anagonga kwenye karatasi. Mdogo wa miaka mitatu atagonga kwenye karatasi, mezani, na kwenye goti la kaka yake. Mvalishe nguo kuukuu, umuache.

Hatua ya 3: Visheti

Kwa nini visheti na si kaimati? Kaimati huliwa siku ile ile na zinataka mkono mzoefu. Visheti vinakaa wiki mbili kwenye kopo lenye mfuniko, na uzuri wake uko kwenye kufinyangwa, kazi ambayo vidole vidogo vinaiweza kuliko vyangu.

Unga wa ngano nusu kilo. Samli vijiko vinne vikubwa. Iliki ya kutwanga, nusu kijiko cha chai. Chumvi kidogo sana. Maziwa ya vuguvugu, kikombe kimoja, na uwe na mengine karibu. Mafuta ya kukaangia. Kwa shira: sukari vikombe viwili, maji kikombe kimoja, iliki tena.

Pasha samli iwe ya moto, imimine kwenye unga wenye chumvi na iliki. Ikipoa kidogo, watoto waingie mikono wasugue. Wape alama ya kujua wamemaliza: ukiufinya unga kwenye kiganja ushikane, ukiugusa uvunjike. Hapo ndipo maziwa yaingie kidogo kidogo. Donge liwe gumu kidogo kuliko la chapati. Ukizidisha maziwa visheti vitanyonya mafuta. Funika kwa kitambaa dakika 20.

Sasa kufinyanga. Chukua kipande ukubwa wa gololi. Kiweke mgongoni mwa uma, kikandamize kwa dole gumba kitandazike, kisha kiviringishe kutoka ncha za meno ya uma kuja kwako. Kinatoka kama kombe la pwani, lenye mistari. Asiyeweza uma mpe chanuo jipya au mgongo wa chujio, kila kimoja kina nakshi yake. Watoto wangu hugawana vyombo, na siku ya Idi kila mtu anatambua visheti vyake kwenye sahani kwa mistari. Nimeona mtoto akimzuia mgeni mkono: "Hicho si changu, chukua hiki."

Vitatoka vilivyopinda. Vitatoka vyenye tumbo. Vikaange hivyo hivyo. Ila kimoja kisizidi kingine sana kwa unene, na hapo naruhusu kusema, kwa sababu kinene kitabaki kibichi ndani.

Kuna jambo la saumu. Mimi nimefunga, siwezi kuonja. Mabinti wakubwa wamefunga. Basi wadogo ambao bado hawajaanza kufunga wanakuwa waonjaji rasmi, na cheo hicho wanakichukua kwa uzito wote. Nawauliza: chumvi ipo? Wanatazamana kwanza.

Kabla ya kuwasha jiko nachora mstari wa chaki sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye karai. Mtoto havuki. Sijadili na mtu, hata akilia, maana hatari ya mafuta kila mtu anaijua lakini ya shira wengi huisahau. Shira ni moto kuliko maji yanayochemka, na ikimwagikia ngozi inaganda hapo hapo, haitiririki.

Mafuta yawe ya moto wa wastani. Tia kisheti kimoja: kizame, kisha kipande juu polepole huku kinatoa mapovu madogo. Kikiruka juu mara moja, mafuta ni makali, na utapata rangi nzuri nje na unga mbichi ndani. Kaanga huku unageuza mpaka viwe rangi ya asali na vikilia vikigongana. Vichuje, viache vipoe kidogo.

Shira ndiyo yenye kisa. Kwa kaimati tumezoea kutia ndimu, na ndimu ile ina kazi yake, inazuia sukari isirudi kuwa chembechembe, shira ibaki inang'aa na kuteleza. Visheti vinataka kinyume chake. Tunataka sukari igande ivivike koti jeupe. Mwaka mmoja nilikuwa na usingizi, mkono ukaenda wenyewe kwenye ndimu. Niligeuza na kugeuza, nikabadilisha mwiko, nikamlaumu mwenye duka kwa sukari yake. Visheti vilikaa kopo zima vikanata kama kitu kimoja, ikabidi tuvitoe kwa kisu. Usitie ndimu.

Chemsha sukari na maji mpaka sukari iyeyuke, kisha uache ichemke bila kukoroga, kama dakika kumi. Chota tone kwenye kisahani, lipoe, ulishike kati ya vidole viwili: likivuta uzi, ipo tayari. Tia iliki, epua, mimina visheti vyote ndani na uanze kugeuza kwa miiko miwili. Mwanzo vitang'aa. Usisimame. Ghafla shira itaanza kuwa na ukungu, kisha nyeupe, kisha kavu. Hii ndiyo dakika ya kuwaita watoto wasimame nyuma ya mstari waangalie, kwa sababu sukari inageuka mbele ya macho yao na hakuna atakayewaeleza vizuri zaidi ya hivyo.

Vikipoa kabisa ndipo vifungwe. Vikifungwa na joto, vitatoa jasho ndani ya kopo.

Hatua ya 4: Kupima fitri

Zaka ya fitri hutolewa kabla ya sala ya Idi, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa cha nyumbani, mtoto mchanga akiwemo. Pishi ni vibaba vinne, na kwa mchele wengi hukadiria kilo 2.5. Sisi tuko saba. Mtoto wa darasa la pili ndiye mhesabu: saba mara nne, vibaba 28, karibu kilo 17 na nusu. Mwingine anashika kibaba, mwingine anashika mfuko. Akikosea hesabu, mwambie aanze upya, mchele ni wa watu.

Kisha waende nao kuupeleka. Wasibaki nyumbani.

Hatua ya 5: Hina, siku mbili kabla

Watu wengi hupaka usiku wa kuamkia Idi, asubuhi mikono ikawa rangi ya chungwa, wakalaumu hina. Hina huanza hivyo. Rangi yake hukolea ndani ya siku moja hadi mbili, kwa hiyo ipakwe mapema.

Unga wa hina kikombe kimoja, uliochekechwa kwa kitambaa chepesi, kijiko cha sukari, na maji ya ndimu ya kutosha kuufanya mzito kama mtindi. (Ndimu niliyokukataza kwenye visheti, imiminie huku.) Funika, weka mahali penye joto kwa muda wa saa sita hadi nane. Dondosha tone kiganjani kwa dakika tano ukafute. Likiacha alama ya chungwa, anza.

Viganja vya watoto usivichoree maua ya bibi harusi, hawatatulia. Duara moja katikati ya kiganja na ncha za vidole zichovywe, basi, dakika tatu umemaliza. Iache saa nne au zaidi, kisha uikwangue ikiwa kavu bila maji, na umpake mafuta ya nazi.

Usitie petroli wala mafuta ya taa ili ikolee. Na piko nyeusi ya kutengenezwa kwa dawa ya kupaka nywele isiguse ngozi ya mtoto kabisa: ina kemikali iitwayo PPD, inayoweza kumtoa malengelenge na kumwachia kovu. Kitoto kichanga usikipake hata hina ya kawaida. Wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD bila mzazi kujua, na kwao hina inaweza kuvunja chembe za damu.

Hatua ya 6: Usiku wa mwezi

Mwezi ukishaandama nyumba nzima hukosa akili, kwa hiyo acha kazi moja tu: sahani za majirani. Kila sahani ipate visheti vya kila mtoto, vilivyonyooka na vilivyopinda. Wapeleke wenyewe asubuhi baada ya sala, kabla hawajaondoka na nguo mpya, kwa sababu jioni wakishakwenda viwanja vya Mnazi Mmoja kwenye pembea na aiskrimu hutawapata tena mpaka usiku.

Sahani huku kwetu hairudi tupu. Itarudi na vileja au kipande cha mkate wa kumimina, na ikifika Idi ya tatu jikoni kutakuwa na sahani ambazo hazijulikani za nani. Chini ya zako tia nukta ya rangi ya kucha, iache ikauke usiku kucha. Mimi natia nyekundu. Jirani yangu aliniiga akatia nyekundu vilevile, na mpaka leo kuna bakuli moja la maua tunagombania.